Sultani Aliyebebwa Ndotoni

Sogeeni, wasikivu, hadithi imebisha hodi, nasi tuifungulie.

Alikuwako Sultani Shangama, aliyeogopa kupinduliwa hata akawa analala ameikumbatia siwa, baragumu la enzi, isije ikaibwa. Mara tatu akaota vijana wamembeba juu, na mmoja anampuliza utosini.

Mpiga ramli wa kwanza akasema, "Hilo ni jeneza. Mpwa wako Fumo, anayekaribia kuoa, atakuua. Mfunge."

Wa pili akasema, "Muue kabla ya arusi yake."

Upanga ukanolewa. Ndipo akatokea zimwi wa kike, na Sultani akamwuliza, "Bibi, ndoto hii ina maana gani?"

Zimwi akacheka hata taa zikazimika. "Hulala na nani?"

"Na siwa."

"Basi ndoto si yako, baba, ni ya siwa. Zamani uliiazimisha kwa kila arusi, vijana wakaibeba na kuipuliza mitaani. Inaikumbuka kazi yake, nawe umelala karibu mno."

Sultani akaona haya, akampa mpwawe siwa kwa mkono wake mwenyewe. Siku ya arusi ikalia mji mzima. Na Sultani, katikati ya ngoma na vigelegele, akasinzia kitini, asiote kitu.

Hadithi nimeitua hapa. Apendaye na aibebe.