Shimo Halikai Matanga

Shimo halikai matanga. Mmeisikia methali hii leo msibani, wajukuu zangu, mkaguna, mkaniuliza ni mzee gani huyo asiye na huruma aliyeitunga. Haikutungwa na mzee. Ilitoka kinywani mwa mjane aliyekalishwa mkekani, na mwanzo wake ulikuwa huu.

Kijijini Ilundwe kulikuwa na shamba la ushirika la ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe walikuwa wengi, na kila asubuhi mavi yao yalisukumwa kwa maji, yakafuata mfereji hadi kwenye bwawa lililochimbwa mteremkoni. Humo yalikaa yakaoza, kisha yakapelekwa mashambani. Ushirika ukafa. Ng'ombe wakauzwa, mabati ya zizi yakang'olewa, wenye kazi wakatawanyika. Bwawa likabaki. Halikuuzika, halikubebeka, na kila mtu alijua kwamba kulifunga ni kazi ya mwenzake.

Miaka ikapita. Samadi ikakauka juu, ikafanya utando kama uji uliosahauliwa bakulini. Vumbi likatua, mbegu zikaanguka, majani yakaota mabichi kuliko ya mahali popote. Mgeni angeapa kuwa ni uwanja. Wenyeji waliliita Shimo, wakapita mbali. Chini ya utando ule mlikuwa bado na uji mzito, wenye kina cha kummeza mtu mrefu aliyenyoosha mikono juu.

Tusekile alikuwa mke wa Ambilikile na mama wa binti mmoja, Sekela, aliyekuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto. Siku moja mtamba wa jirani aliyafuata yale majani, akazama miguu ya mbele. Ambilikile akakimbia na kamba. Mtamba alivutwa akatoka. Ambilikile hakutoka. Utando ulimpasukia, hewa mbaya iliyofungiwa humo ikampanda kichwani, akalegea hata kabla hajaita. Walimtoa kwa miti mirefu, wakamwosha sana, na bado aliingia kaburini na ile harufu.

Sasa, Ilundwe walikuwa na mwiko wao. Kaburi likishafukiwa, jembe halikugusa tena udongo wa kijiji mpaka matanga yaanuliwe. Anayechimba katikati ya matanga, walisema, anamchimbia mwingine wa nyumba ileile. Hata kiazi kimoja hakikung'olewa.

Tusekile akakaa mkekani, lakini hakulia kama walivyotarajia. Macho yake yalikuwa mlangoni. Msiba ule ulileta watu kutoka kila upande, na watu walikuja na watoto, na watoto walicheza nje. Kila kicheko kilipotoka upande wa mteremko, alimwita Sekela ndani. Mwishowe akaifunga ncha ya kanga ya Sekela kwenye ncha ya kanga yake.

“Wee, mwache mtoto acheze,” mwanamke mmoja akamwambia. “Unamfunga kama mbuzi.”

“Mbuzi ningenunua mwingine,” akajibu Tusekile.

Akaomba aitiwe Mwaisumo, kaka mkubwa wa marehemu. Mwaisumo akaja, akachuchumaa kando ya mkeka. Alikuwa mtu mwema. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kumlilia mdogo wake.

“Shemeji, lile shimo bado liko wazi.”

“Tumelizungushia matawi ya miiba, mama Sekela. Wewe tulia, umlilie mumeo.”

“Miiba ni ya kuzuia mbuzi. Naomba lifungwe. Leo.”

“Kwa jembe gani? Unataka tumchimbie nani?”

“Watoto wa watu wamejaa hapa, shemeji. Hawaijui Ilundwe. Wanaona majani tu.”

“Tukianua matanga, mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza. Naapa kwa aliyelala pale.”

“Ninyi ndio mnaokaa matanga,” Tusekile akasema polepole. “Shimo halikai matanga.”

Bibi mmoja aliyeketi karibu na mlango akasonya. “Jamani! Mjane wa juzi, leo amekuwa bingwa wa methali.” Wengine wakaficha tabasamu kwenye kanga zao. Mwaisumo akainuka, akatoka bila kumtazama.

Kesho yake akafika Anyisile, mdogo wake Tusekile, kutoka ng'ambo ya mto. Alikuja amembeba mwanawe Lwitiko kwa mbeleko, ingawa mtoto alishakuwa mkubwa wa kutembea. Alisema alimhurumia kwa ile milima. Alimkumbatia dada yake, wakalia pamoja, kisha akafunga kanga kiunoni akaingia jikoni. Ndivyo alivyokuwa, maneno machache, mikono mingi.

Msiba una njaa ya kuni. Vyungu havikushuka motoni, na kuni zikaisha. Wanawake wageni, Anyisile akiwa miongoni mwao, walizunguka kutafuta, wakakuta matawi makavu yamejipanga vizuri kuzunguka uwanja wa majani. Nani angewaambia? Wanaume wa Ilundwe walikuwa barazani, na wake zao walikuwa ndani na mjane. Wakayaburuta hadi jikoni, wakashukuru.

Ikafika siku ya kumnyoa mjane. Wanawake wakamweka katikati, wakaifungua ile kanga ya Sekela, kwa kuwa mtoto hatazami mamaye akinyolewa. Tusekile akaishika ncha, wakamfungua vidole kimoja kimoja, kwa upole, wakimwita mama, wakimwambia ni muda mfupi tu.

Wembe ulikuwa umefika katikati ya kichwa Sekela aliposimama mlangoni.

“Mama,” akasema, “Lwitiko amekwenda kwa baba.”

Wanawake walidhani anasema kaburini. Mmoja akasema, “Maskini, wamekwenda kumwamkia.” Lakini Tusekile aliitazama miguu ya mtoto. Ilikuwa myeusi hadi kwenye vifundo.

Alikimbia na nusu ya nywele zake. Alipofika, majani yalikuwa yametulia, yanametameta kwa jua, na katikati yake palikuwa na tundu jeusi lisilozidi upana wa sinia.

Sitawaeleza namna Anyisile alivyolia. Yapo mambo hayasimuliwi mbele ya watoto, wala mbele ya wazazi.

Tusekile hakulia. Alirudi nyumbani, akalichomoa jembe darini, akatoka nalo mbele ya baraza lote. Mwaisumo akainuka akaushika mpini, na watu wakadhani anamnyang'anya.

“Nipe,” akasema. “Shimo halikai matanga.” Akatangulia mteremkoni.

Wakamtoa mtoto kwa miti mirefu, kama walivyomtoa baba yake mkubwa. Kisha wakafanya kazi. Hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga utando. Kila aliyesogea ukingoni alifungwa kamba kiunoni, na kamba ikashikwa na watu. Walichimba mfereji kutoka chini ya mteremko, wakautoa ule uji kidogo kidogo, wakaubeba kwa ndoo hadi migombani. Tope lililobaki wakaliacha likauke, wakalikwangua. Wakajaza mawe, wakajaza udongo, wakaushindilia tabaka kwa tabaka mpaka ng'ombe akasimama juu yake asitetereke. Ni kazi ambayo miaka yote ile wangeweza kuifanya kwa nyimbo na pombe. Waliifanya wakilia.

Anyisile aliaga siku walipomaliza. Tusekile akamsindikiza hadi mtoni, Sekela akiwa katikati yao, na hakuna aliyejua nani amshike mkono.

“Mdogo wangu, nisamehe,” Tusekile akasema.

“Nikusamehe nini, dada? Wewe ulisema.” Anyisile akaangalia maji. “Mimi nilipika kwa ile miiba. Watu wakala, wakanisifu.”

Tusekile akamfuta machozi kwa ncha ya kanga.

“Huko kwetu nako kuna kisima kikuukuu,” Anyisile akasema baadaye. “Kila mwaka tunasema, tutakifukia baada ya mavuno.”

Akaifunga mbeleko mgongoni, kwa mazoea tu, akavuka. Alipofika kwao hakuketi. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba majembe, na kila waliposema, “Mama, kwanza tukulilie mwanao,” aliwajibu kwa maneno ya dada yake. Hivyo ndivyo msemo huu ulivyovuka mto, ukiwa mgongoni mwa mama, pale alipokaa mtoto.

Shimo halikai matanga.