Zimwi Lililokalia Chemchemi

Paukwa!

Pakawa!

Mtungi?

Wa maji!

Kiu?

Ya mtembezi!

Haya, sogeeni, na wewe wa nyuma acha kumfinya mwenzio.

Hapo kale palikuwa na kijiji chenye chemchemi moja tu. Siku moja watu wakaamka, wakakuta zimwi limeikalia. Limejaa pale tele, na maji hayatoki hata tone.

"Ondoka, tuna kiu!"

"Kinachokaliwa ni cha nani?" zimwi likauliza. "Cha aliyekikalia! Nimekalia chemchemi. Basi chemchemi ni yangu."

Watu wakarudi na mitungi mitupu. Siku ya kwanza, kiu. Siku ya pili, kiu. Siku ya tatu, watoto pacha wa Mwanamkuu, mama mfinyanzi wa vyungu, wakalia hata machozi yakawakauka.

Basi wakamwendea Bwana Mbwarali. Huyo alikuwa bingwa wa hoja. Ukibishana naye mchana kweupe kwamba jua linawaka, unarudi nyumbani umewasha taa.

Mbwarali akafika, akapanda mabegani mwa zimwi, akaketi.

"Kinachokaliwa ni cha nani?"

"Cha aliyekikalia."

"Nimekukalia wewe. Basi wewe ni wangu, na chemchemi yako ni yangu. Au sivyo?"

Zimwi likajikuna kichwa. Mazimwi ya kale yalikuwa na hili moja jema: yakisema, yamesema.

"Ni yako, bwana."

Vigelegele! Mitungi ikaletwa mbio.

"Ngojeni kwanza," akasema Mbwarali, bado yuko juu. "Chemchemi ni yangu. Kila mtungi, kuku mmoja."

Loo! Papo hapo, nyuma ya kanzu yake, mkia kama wa zimwi ukachomoza. Yeye hakuuona. Watu wote waliuona.

Basi Mwanamkuu akawaweka pacha wake chini, akajifunga kibwebwe, akakwea. Akapita mgongo wa zimwi, akapita mgongo wa Mbwarali, akaketi shingoni mwake.

"Kinachokaliwa ni cha nani?"

"Cha aliyekikalia," wakajibu wote wawili, Mbwarali kwa sauti ya mgonjwa.

"Basi ninyi ni wangu, na maji ni yangu!"

Watu wakashangilia. Na Mwanamkuu, niwaambie kweli, akaona raha. Kule juu kulikuwa na upepo mzuri. Akawaza kuku mmoja kwa kila mtungi. Akawaza kuku wawili! Mara, chini ya kanga, kitu kikamwasha. Akapapasa. Ncha ya mkia!

Akaona aibu, kisha akacheka mwenyewe.

"Zimwi, sheria hii ni nzuri?"

"Mgongo waniuma, mama! Ni mbovu!"

"Bwana Mbwarali, ni nzuri?"

"Shingo yaniuma! Ni mbovu!"

"Na kwangu mimi niliye juu? Kwangu ni tamu mno. Basi mimi si wa kuulizwa."

Akashuka. Mkia ukapotea.

"Umeshinda," likasema zimwi, limeduwaa. "Mbona washuka?"

"Akili imenipandisha, utu umenishusha. Na ninyi mmesema kwa vinywa vyenu kwamba sheria ni mbovu. Haya, kinachofuata ni nini?"

Mbwarali akatafuta hoja. Akaitafuta kulia, akaitafuta kushoto, akaitafuta hata mawinguni. Hakuna. Akateremka, na mkia wake ukadondoka, pu!

Zimwi likainuka likiguna. Maji yakaruka juu, yakawalowesha watu wote, wakacheza ngoma kwenye tope. Pacha wakanywa hadi kwikwi.

Zimwi nalo likaomba maji kidogo. Likaambiwa lipange foleni. Likasimama nyuma ya vikongwe na watoto, kata ya kunywea mkononi, likingoja zamu yake.

Hadithi yangu imeishia hapo, zimwi likiwa la mwisho kwenye foleni. Nanyi mshike hili: akili bila utu hupata hoja ya kila uovu. Hoja yako ikikupendeza mno, kamuulize aliye chini yako.