Taa Nyekundu ya Mzee Shemdoe

Mzee Shemdoe, mwenye kiwanja, alimfuata fundi Mwantumu gereji.

"Taa nyekundu imewaka kwenye dashibodi, na mimi sijagusa kitu. Taja ubovu bila kufungua gari. Ukishindwa, kesho uhame kiwanjani kwangu."

Mwantumu alichungulia dirishani, akaguna. "Kuna fundi uchwara amechokoachokoa humu, baba. Huyo hata betri hajui kufunga."

"Betri haijaguswa."

"Basi ni kiti. Amekifunga kama anafunga mbuzi."

Mzee alifura. "Mbuzi? Kiti nilikitoa mwenyewe kukiosha, nikakirudisha, nikakaza nati zote nne. Kilichonishinda kuchomeka ni kile kisoketi cha waya cha chini ya kiti tu."

"Basi ubovu ni kisoketi, baba; kisipochomekwa, taa huwaka," alisema Mwantumu. "Na kesho utanikuta hapahapa."