Chungu cha Babu wa Fisi

Paukwa!

— Pakawa!

Ala! Hiyo ni pakawa au ni miayo? Ugali mmekula, maharage mmekula, sauti mmeiacha jikoni? Paukwa!

— Pakawa!

Haya, hapo sawa. Shamte, mwachie mwenzako nywele zake. Na wewe shemeji unayejifanya unachambua mchele, nakuona, sikio liko huku. Sogea tu, hii ni ya wakubwa na wadogo.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado na haya, palikuwa na nchi kavu. Katika nchi hiyo palikuwa na chemchemi moja. Moja tu. Maweni walikaa pimbi na nguchiro. Bondeni walikaa fisi. Kiangazi kikija, maji hupungua. Asubuhi maji ni safi. Jioni maji ni tope, maana mchana kutwa Nguruwe amelala humo, na Nguruwe haogi, anakoroga.

Sasa nani anywe asubuhi, nani anywe jioni? Wazee wao walichoka kung'atana. Wakasema, tuchezeni Rungu. Atakayeshinda anywe asubuhi kiangazi chote. Atakayeshindwa amsubiri Nguruwe.

Rungu huchezwaje? Ni rahisi. Huyu anarusha ndulele, lile tunda gumu la porini. Yule amesimama na rungu, anaipiga. Akiipata, kwaa! anakimbia, anazunguka kichuguu, anarudi. Hilo ni bao. Akiikosa mara tatu anakaa chini, anakuja mwingine. Nyuma ya mwenye rungu anachuchumaa mdakaji. Na ni marufuku mrushaji na mdakaji kusemezana mpaka mchezo uishe. Kwa hiyo wanaongea kwa vidole.

Mrushaji wa Maweni alikuwa Bi Nguchiro. Mwili mdogo, lakini mkono wake! Alikuwa na mirusho miwili. Wa kwanza aliuita Radi: vuuup! umeshapita, wewe bado unafumba jicho. Wa pili aliuita Konokono: unakuja... unakuja... bado unakuja... halafu unaanguka miguuni pako, na wewe ulishapiga hewa zamani. Mdakaji wake alikuwa Bwana Pimbi. Pimbi akijikuna tumbo, ni Radi. Akijikuna sikio, ni Konokono. Basi fisi walikunywa tope miaka nenda, miaka rudi.

Mwaka mmoja Bi Nguchiro alikuwa na watoto wachanga. Wadogo hasa, na kitindamimba alikuwa anakohoa. Asubuhi ya mchezo aliwaramba mmoja mmoja. "Nyinyi mtakunywa maji safi," aliwaambia. Aliwaambia hivyo, lakini jicho lilibaki kwa yule anayekohoa. Mtoto anayekohoa ukimpa tope, unamzika.

Watu wa Maweni wakafika uwanjani. Mara, kutoka Bondeni, vilio! Fisi wanakuja kwa mstari, wamebeba chungu kikubwa cha maji, wanaimba:

Babu ee, mkia wako!
Babu ee, tunaulowesha!
Babu ee, ulikufa na joto!
Babu ee, tunaulowesha!

Mwamuzi alikuwa Kifaru. Alichaguliwa kwa sababu haoni vizuri. Wazee walisema, asiyeona hapendelei.

"Kulikoni?" akauliza Kifaru.

Jumbe Fisi, mkubwa wa Bondeni, akajifuta machozi ambayo hayakuwepo. "Mwamuzi, tumefiwa na babu. Alikufa kwa joto la mkia. Mila yetu inasema, kila mwenye kushika rungu atumbukize mkia katika chungu hiki, kwa heshima ya marehemu."

"Wakati anacheza?"

"Wakati anacheza hasa. Babu alipenda mchezo."

Kifaru akavua... hapana, Kifaru hana kofia. Akainamisha pembe. "Mila ni mila," akasema. "Poleni wafiwa."

Sasa nyinyi niwaambie siri. Humo chunguni mlikuwa na Kambare. Si kambare wa kukaanga, shemeji, tulia. Ni yule kambare mwenye umeme, ukimgusa anakupiga shoti mpaka unasahau jina la mama yako. Sharubu lake lilikuwa limefungwa ugwe. Ugwe umefukiwa vumbini, umepita uwanja mzima, umepanda juu ya mgunga. Na juu ya mgunga kakaa nani? Tai. Tai anaona chawa akipiga chafya ng'ambo ya bonde. Pimbi akijikuna tumbo, Tai anavuta ugwe mara moja, na Kambare anatoa shoti moja. Pimbi akijikuna sikio, Tai anavuta mara mbili, Kambare anatoa mbili. Mwenye rungu ameshajua kinachokuja kabla ndulele haijatoka mkononi.

Mchezo ukaanza. Fisi wa kwanza akashika rungu, akatumbukiza mkia. Pimbi akajikuna tumbo.

Zzzt!

"Hihihii!" akacheka Fisi.

Radi ikaja, vuuup! Kwaa! Ndulele ikaenda mawinguni. Bao.

Wa pili. Pimbi akajikuna sikio. Zzzt! Zzzt! "Hihihii! Hihihii!" Konokono akaja... akaja... Fisi akamsubiri kama mtu anayesubiri chai ipoe. Kwaa! Bao.

Wa tatu. Zzzt! "Hihihii!" Kwaa! Bao. Wa nne. Zzzt! Zzzt! "Hihihii! Hihihii!" Kwaa! Bao.

"Mbona wafiwa wanacheka?" akauliza Kifaru.

"Sisi fisi ndivyo tunavyolia," akajibu Jumbe Fisi, na wenzake wakaitikia, "Babu ee, tunaulowesha!"

Huko pembeni watu wa Maweni wakaanza kununa. Wakanong'ona. Kisha wakaacha kunong'ona, wakapayuka. Shangazi yake Bi Nguchiro, yule mwenye mdomo, akasimama juu ya jiwe.

"We mwanamke! Fisi wamekupa nini? Mifupa? Umetuuza!"

"Sijamuuza mtu, shangazi!"

"Basi mkono umeoza!"

Mume wake alikuwepo. Aliangalia miguu yake mwenyewe. Jamani, hilo linauma. Kushindwa na adui kunavumilika. Kuitwa msaliti na wako, mume wako anasikia, hakuvumiliki. Bi Nguchiro alitaka kulia. Akasema moyoni, nikilia sasa sitaona, na mimi nataka kuona.

Akatazama. Fisi akishacheka mara moja, anapiga Radi. Akicheka mara mbili, anapiga Konokono. Anacheka kabla sijarusha. Huyu analia msiba, au anasoma vidole vya Pimbi?

Akajaribu. Pimbi akajikuna sikio, ameomba Konokono. Zzzt! Zzzt! "Hihihii! Hihihii!" Bi Nguchiro akarusha Radi. Vuuup! Fisi bado kasimama anasubiri chai yake ipoe. Hakugusa kitu. Lakini Pimbi naye alikuwa anasubiri Konokono. Radi ikamkuta, puu! puani.

"Mwamuzi!" akalia Pimbi, pua imevimba kama nyanya. "Huyu mama anataka kuniua! Akirudia narudi nyumbani!"

Wakazomea wote, Bondeni na Maweni. Bi Nguchiro akamkimbilia Kifaru. "Mwamuzi, wanaiba ishara zetu! Wakicheka mara moja ni Radi, mara mbili ni Konokono! Wakague!"

Kifaru akakasirika. "Wewe! Utamkagua mfiwa? Msiba hauna kipimo. Mmoja hulia mara moja, mwingine hulia mara mbili. Rudi mahali pako, mwanamke usiye na huruma."

Jumbe Fisi akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Tumemsamehe," akasema. Mnasikia? Mwizi anasamehe!

Mabao ya fisi yalikuwa mengi kama mbegu za papai. Ya Maweni, kiganja kimoja hakijai. Jua limeanza kuinama. Bi Nguchiro akawafikiria wanawe, akafikiria tope. Kisha akatazama chungu. Akatazama Kifaru. Akapiga magoti.

"Mwamuzi, nimekosa. Nimewakosea wafiwa, nimemkosea marehemu. Sasa najiuliza, mzee mkubwa kama yule, analiliwa na wajukuu peke yao? Sisi wengine mikia yetu mikavu! Si aibu hii? Tafadhali, mkubwa wetu, tuongoze. Tumbukiza mkia wako kwanza, kwa mrusho mmoja tu, nasi tutafuata."

Kifaru akaguswa. Chozi likamdondoka, la kweli hilo.

Jumbe Fisi akaruka. "La! La, la, la! Mwamuzi, usijisumbue, si lazima!"

"Mila si lazima?" akauliza Kifaru.

"Ni lazima, ila..."

"Au mkia wangu haumfai babu yako?"

"Unamfaa, ila..."

"Basi nipishe."

Atasema nini? Mila ameitunga mwenyewe. Akapisha. Kifaru akarudi nyuma, taratibu, puh, puh, puh, akatumbukiza mkia chunguni. Akafumba macho kwa heshima. Bi Nguchiro akaenda mahali pake, akashika ndulele. Pimbi akachuchumaa, pua inamuuma, akajikuna sikio.

Kule juu ya mgunga Tai aliona vidole. Ndiyo kazi aliyopewa, kuangalia vidole, mikia haimhusu. Akavuta mara mbili.

Zzzt! Zzzt!

"HIHIHII! HIHIHII!"

Kifaru kacheka! Kifaru, ambaye hajacheka tangu azaliwe! Akaruka juu miguu yote minne, akashuka juu ya chungu, kraa! Vipande huku, maji huku, na katikati ya maji, Kambare, ugwe sharubuni.

Kifaru akainama mpaka pembe ikagusa mchanga, maana haoni vizuri. "Wewe ni nani?"

Kambare alikuwa amefundishwa la kusema akikamatwa. Akasema, "Mimi ndiye marehemu babu."

"Na huu ugwe?"

"Ndio ninaopanda nao mbinguni."

Kifaru akaufuata ugwe, pua chini, hatua kwa hatua, mpaka kwenye mgunga. Akautikisa mgunga. Tai akaanguka, pu! ugwe bado mguuni.

Hapo hata shangazi yule mwenye mdomo aliukosa mdomo. Akasogea kwa Bi Nguchiro, akasema, "Mwanangu, nisamehe." Na Kifaru, huku anajisugua mkia, akatoa hukumu: "Msiba wa kujitakia hauna kilio. Mabao yote yafutwe. Kambare arudishwe mtoni. Mchezo uanze upya, mikia ikiwa mikavu!"

Maweni wakashika rungu kwanza, wakapata bao moja. Moja tu. Kisha wakaja fisi. Na hapa ndipo pa kuchekesha, na ndipo pa kusikitisha. Fisi wa kwanza akasimama na rungu lake. Radi ikapita. Hakupiga. Konokono akapita. Hakupiga. Wa pili vivyo hivyo. Tangu mvua ziishe walikuwa wamefanyia mazoezi mkia, wala si jicho. Macho walikuwa nayo, nguvu walikuwa nazo, lakini kupiga walishasahau.

Wa mwisho alikuwa Jumbe Fisi mwenyewe. Akashika rungu. Vuuup! Ya kwanza ikapita. Vuuup! Ya pili ikapita. Wenzake wakapiga kelele, "Jumbe, piga! Piga!"

"Subirini," akasema Jumbe Fisi. "Bado sijaambiwa."

Vuuup! Ya tatu ikapita.

Asubuhi iliyofuata Bi Nguchiro aliwapeleka watoto wake chemchemini kabla ya mtu yeyote. Maji yalikuwa safi mpaka mawe ya chini yanaonekana. Kitindamimba akanywa, akakohoa kidogo, akanywa tena. Mama yake akageuka pembeni, na hapo ndipo alipolia. Jioni, fisi walipanga mstari nyuma ya Nguruwe. Na mpaka leo fisi hutembea mkia kaukunja katikati ya miguu, na akiogopa hucheka.

Mafunzo ni haya, Shamte, na wewe shemeji usijifanye hayakuhusu. Usiibe ushindi. Ukiuiba, unamnywesha mtoto wa mwenzako tope. Na ukizoea kuuiba, hata kile ulichokuwa unakiweza kitakutoka mikononi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda aende nayo akalale, na asiyeipenda aniletee maji, koo limekauka.