Beberu wa Sadaka

Nimesema miguu inauma, mchungaji akajibu mfano hausimuliwi kwa miguu. Haya. Nitasimulia, na atakayekunja uso nitamwona. Macho yangu hayajazeeka.

Kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa aliyekabidhiwa beberu. Beberu huyo alitolewa sadaka siku ya mavuno, naye mzee akaambiwa amnenepeshe mpaka siku ya mnada wa kanisa. Alikuwa na pembe za kutisha, na harufu iliyofika ibadani kabla ya waumini. Mzee alimpenda hivyo hivyo. Hakumfunga. "Mali ya Bwana haifungwi," alisema, akamvisha shingoni kipande cha kamba ya zamani ya kengele ya kanisa, kikaning'inia kama tai.

Beberu akaingia shambani kwa jirani Mwislamu, akamaliza maharage. Jirani alipolalamika, mzee alicheka mpaka kofia ikamtoka. "Mvumilie, jirani. Huyo ana moto wa imani!" Waumini nao wakacheka. Ninyi mngenyamaza? Nawajua, mngepiga na vigelegele.

Haukupita muda, beberu akamkuta mama yake jirani bombani, anakinga maji. Akampiga pembe, bibi wa watu akavunjika mkono.

Jirani akaja, safari hii hata salamu hakutoa. "Mzee, beberu wenu kamvunja mama mkono."

Mzee akamtazama beberu, akatazama mbinguni. "Beberu gani? Wa kanisa ni mpole. Anayepiga watu huyo si wetu, amejitoa mwenyewe."

"Na hiyo kamba ya kengele yenu shingoni?"

"Kamba haimfanyi mbuzi kuwa wa kanisa, ndugu yangu."

Alilipenda jibu lake, akaenda kulirudia mbele ya mkewe. Mkewe aliendelea kuchambua mboga.

Jumapili ikafika, mnada. Beberu kanona, watu wanapandishana bei, mzee kamshika pembe, kifua mbele: "Mtazameni beberu wetu! Tumemlea wenyewe!"

Ng'ambo ya ua alisimama yule bibi, mkono umefungwa kitambaa. "Ehee! Kumbe leo ni wenu?"

Waliokuwa wakipandishana bei wakamgeukia mzee. Hata beberu.

Sasa sisi. Kundi letu la maombi likimpiga ajuza kwa kumwita mchawi, nabii wetu akimkataza mgonjwa dawa, mbio tunasema, "Hao si Wakristo wa kweli." Nani aliwapa kipaza sauti? Nani aliitikia amina walipoanza kuitukana dini ya jirani? Wakijaza viti ni wetu, wakivunja mtu mkono si wetu? Aliye wetu tumfunge kamba sisi, tumkemee sisi, na aliyeumia tukamwombe radhi sisi. Tusingoje jirani aje kutuonyesha kamba yetu wenyewe.

Mnataka kujua mzee alilipa nini? Bibi hakutaka fedha wala mbuzi. Alitaka maji. Basi mpaka mfupa ulipounga, mzee wa kanisa ndiye aliyemtekea, ndoo kichwani, hata Jumapili, na suti yake, akipita mbele ya kanisa watu wakitoka. Na bibi mlangoni anachungulia ndoo: "Umemwaga nusu, mwanangu. Rudi."