Rupia ya Malkia Asiye na Taji

Khelef, sonara wa Darajani, alijigamba kwamba rupia ya fedha, hata ilike vipi, haimfichi umri wake. Siku moja Bi Mize akapenya kati ya wateja, akamwekea moja kiganjani.

“Nitazamie hii, mwanangu. Ya zamani?”

Khelef akaipapasa, akacheka. “Za zamani, Malkia aliyechorwa juu yake hana taji, bibi. Huyu taji lake hili hapa! Nakupa bei ya kilo ya mchele, kwa huruma tu.”

“Haizidi hapo?”

“Wallahi haizidi!”

Bi Mize akaweka mezani pesa za ile kilo ya mchele, akaichukua rupia. “Basi naondoka nayo. Nimeitoa sasa hivi kwenye sinia lako la rupia za kuuza, pale ulipoandika: ‘Kongwe, Malkia bila taji.’ Sasa waambie wateja, mwanangu: umeongopa kwa kalamu au kwa kiapo?”