Mlolongo Uliotembea

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mji, mjini kisima, kisimani mlinzi. Mlinzi nani?

Fisi!

Naam, Fisi huyo huyo.

Hapo zamani za kale, wanyama wa mji mmoja walikuwa na kisima kimoja tu. Kila mwaka walichagua mlinzi wake kwa mlolongo: unasimama nyuma ya umtakaye, na mwenye mlolongo mrefu ndiye mshindi. Kila mwaka alishinda Fisi. Yeye na jamaa zake walikunywa kwanza, wakaoga humo humo, wengine wakaachiwa tope.

Mama Kanga ndiye aliyeumia zaidi. Vifaranga wake walikunywa tope lile wakaugua, mmoja akafa.

Mwaka wa kwanza akasimama nyuma ya Kobe. Fisi akashinda. Mwaka wa pili akasimama nyuma ya Kobe. Fisi akashinda.

Je, Fisi alipendwa na wengi? Wapi! Uchaguzi ukikaribia, alimwendea Kobe akamwambia kiongozi ni yeye. Akamwendea Swala, hivyo hivyo. Akamwendea Punda Milia, hivyo hivyo. Vichwa vikawavimba, wakagombea wote, wafuasi wao wakagawanyika.

Mwaka wa tatu Mama Kanga akasimama mbele ya mji mzima.

"Naomba jambo moja," akasema. "Mwenye mlolongo mfupi kuliko yote atoke, lakini wafuasi wake wasirudi nyumbani. Waende kwa wamtakaye kati ya waliobaki, mpaka wabaki wawili."

Fisi akacheka mpaka akatokwa na machozi. Akasema tembeeni mtakavyo, mlolongo mrefu ni wangu.

Kweli, wake ulikuwa mrefu. Kobe akatoka, wafuasi wake wakaenda kwa Swala. Punda Milia akatoka, wafuasi wake nao wakaenda kwa Swala. Kwa Fisi hakwenda hata mmoja. Mlolongo wa Swala ukaupita wa Fisi, Swala akashinda.

"Lakini mimi nilikuwa wa kwanza," Fisi akanung'unika.

"Wa kwanza kwa jamaa zako," Mama Kanga akamjibu. "Sisi wengine hatukukutaka tangu zamani. Leo tumepata pa kusemea."

Kisha akamgeukia Swala, aliyekwisha kuanza kutembea kwa maringo. "Nawe ukichafua maji, baba, miguu bado tunayo."

Siku hiyo vifaranga wa Mama Kanga wakanywa maji safi, wakalala bila kuumwa tumbo.

Funzo lake, wanangu: mpiga kura asiambiwe achague mara moja kisha anyamaze. Apewe nafasi ya kusema, namtaka huyu, na huyu akikosa, namtaka yule. Hapo anayetawala kwa kuwagawa wenzake hana pa kusimama.

Hadithi yangu imefika kisimani. Mwenye kiu na anywe, mwenye usingizi na alale.